Umeshika Namba Ngapi?

Laini ya umeme ilikuwa haijawashwa. Ingekuwa imewashwa, leo ningesimuliwa mimi.

Nguzo zilikuwa tatu, mbili za mwisho na moja ya kati, mita 40 kutoka moja hadi nyingine. Waya ni ABC, yaani nyaya za nguzoni zilizovikwa ganda: fezi tatu (za kuleta umeme) za milimita mraba 50 na nyutro (ya kuurudisha) ya 54.6, zimesokotwa pamoja na zote nyeusi ti. Mbeba mzigo hapo ni nyutro peke yake, maana ni aloi ngumu. Fezi ni alumini ya kawaida, abiria tu.

Waya ulishakazwa kwenye klampu za mwisho. Pale kati ulilala kwenye kapi. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha msokoto kwa kabari za plastiki, kuilaza nyutro kwenye klampu ya kuning'iniza, kufunga kufuli, kubana msokoto kwa stripu (vikanda vya kufungia) kulia na kushoto, kisha kuondoa kapi. Fezi zina namba 1, 2 na 3 zilizochomoza kwenye ganda. Nyutro haina namba hizo. Unapapasa kwa kidole gumba, basi.

Mimi nilivaa glovu nene, jua la machoni, na fomeni huko chini anauliza kama nimehamia. Nikashika uliokuwa karibu. Ukaingia vizuri kabisa, na mtego ndio huo: fezi ya 50 na nyutro ya 54.6 zimepishana unene kidogo mno. Kufuli likalia ta! Nikajisifu.

Nikafungua kapi.

Fezi ikabaki juu kwa madaha. Wenzake wakaanza kushuka taratibu, kama mzee anayekaa mkekani. Nyutro haina tena wa kuishika katikati, zile 40 zimekuwa 80, na nafasi ikizidi mlegeo nao huzidi. Hatua chache kutoka nguzoni ilipita barabara. Kijana wa bendera nyekundu alikuwa amefuata muhogo wa kuchoma.

Lori la magodoro likakata kona.

"Simamaaa!" Nikapunga mikono yote miwili, nimening'inia kwenye mkanda. Dereva naye akanipungia, akapiga na honi ya salamu.

Waya ukaruka kichwa cha lori, ukalikumba godoro la juu kabisa, likapaa hadi pale fomeni alipokuwa amechuchumaa na kikombe cha chai.

Kimya. Kisha sauti ikatoka chini ya godoro:

"Dogo. Umeshika namba ngapi?"

Nikavua glovu, nikapapasa.

"Mbili, mzee."