Maktaba ya kazini huishi kwa muda na ufunguo

Kabati la vioo limesimama ndani ya ofisi ya ofisa utumishi. Lina vitabu vya uongozi vilivyoletwa kutoka kwenye semina, taarifa za mwaka na juzuu za sheria za toleo la 2002. Ufunguo anao mtu mmoja, na akienda likizo yake ya siku 28, maktaba nayo imekwenda likizo. Taasisi nyingi zikisema zina maktaba ya wafanyakazi, ndiyo hii. Wanaotaka fedha zake zinunue vifurushi vya intaneti hawahitaji kutafuta ushahidi mbali.

Hoja yao ina uzito. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na kwa kawaida huanza kutumika 1 Julai, hivyo kitabu cha kodi kilichonunuliwa Machi kinaweza kumpotosha mhasibu miezi minne baadaye. Mwanasheria anapata sheria na hukumu bure kwenye tovuti ya TanzLII akiwa Tanzania, na ya Kenya Law akiwa Kenya. Toleo la sheria za Tanzania lililorekebishwa la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025. Anayenukuu kifungu kutoka kwenye juzuu ya 2002 anaweza kusoma maneno yaliyokwisha kubadilishwa mara kadhaa. Rafu isiyosafishwa ni hatari kuliko kukosa rafu, kwa sababu kitabu chenye jalada gumu na mhuri wa ofisi huaminiwa bila kuulizwa.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba anachohitaji mfanyakazi kimo kwenye intaneti na kiko wazi kwa kila mtu. Si kweli. Chukua fundi wa pampu ya maji. Kitabu cha maelekezo kilikuja ndani ya sanduku pamoja na mashine, kikachukuliwa na msimamizi wa wakati huo, na sasa hakijulikani kilipo. Mtandaoni kuna cha modeli inayofanana, ila si hiyo. Fundi anakaza nati kwa kukadiria, sili inavuja baada ya wiki, na lawama inaangukia spea. Kitabu hicho kilipaswa kusajiliwa siku mashine ilipopokelewa: nakala halisi ibaki maktaba, na kurasa za vipimo na ratiba ya matengenezo zitolewe fotokopi, zifunikwe plastiki na zitundikwe karakana, zishikwe na mikono yenye mafuta. Michoro ya majengo kama yalivyojengwa, ripoti za udongo na ripoti za kazi zilizokwama ni hivyo hivyo. Hakuna duka linaloviuza.

Kuna pia maarifa ya mtandaoni yanayofunguliwa kwa taasisi tu. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, huzipa hospitali na vyuo vya nchi za kipato cha chini majarida ya tiba bure au kwa gharama ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, na mtu anayeshughulikia usajili na nywila anahitajika. Tabibu mwenye kifurushi kikubwa kwenye simu yake bado atakutana na ukurasa unaomdai dola kadhaa kwa makala moja, huku hospitali yake ikiwa na haki ya kuisoma bure na hakuna aliyejaza fomu. Hapo maktaba ni mkutubi na kompyuta moja.

Wengine wanasema kundi la WhatsApp linatosha. Linatosha kwa kupashana habari. Kwa miongozo ya kazi linaleta mafaili matatu ya jina moja yenye tarehe tofauti, na mgeni aliyeajiriwa jana haoni kilichotumwa kabla hajaingia.

Ugumu halisi uko kwenye muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Mapumziko hayo ni ya kula na kuswali. Kuyahesabu kuwa muda wa kusoma ni kumnyang'anya mtu chakula chake. Tanzania ililiona hili zamani: baada ya 1970 kutangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, agizo la Waziri Mkuu la 1973 liliingiza elimu ya wafanyakazi sehemu za kazi.

Mwajiri naye anastahili kusikilizwa. Saa moja kwa wiki kwa watu 60 ni saa 60, yaani zaidi ya kazi ya mtu mmoja wa saa 45. Gharama hiyo inaweza kuzidi bei ya vitabu kwa mbali. Kwa maoni yetu inalipa hospitalini, karakana, kwenye ukaguzi wa hesabu, uhandisi na sheria, ambako kosa moja linaweza kula mishahara ya miezi. Kwenye duka au kituo cha simu chenye zamu fupi, mafunzo ya nusu saa kabla ya zamu yanafaa zaidi, na hatuoni aibu kusema maktaba isijengwe huko.

Pale inapofaa, ianze ndogo. Rafu ya sentimita 90 hubeba vitabu 25 hadi 30, hivyo kabati la rafu tano lina nafasi ya kutosha. Liache sentimita 10 kutoka ukutani, na rafu ya chini iinuke sakafuni, kwa ajili ya mchwa. Ukanda wa pwani adui mkubwa ni unyevu: ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huota, na milango ya vioo iliyofungwa kutwa huulea. Liweke ukumbini wapitapo watu, na ufunguo uwe na wawili. Daftari moja la usajili, jingine la kuazima, siku 14.

Vitabu vitapotea. Usikimbilie kukata mshahara. Sheria ile ile ya Ajira na Mahusiano Kazini inadai ridhaa ya maandishi na masharti mengine, na hofu ya makato ndiyo humfanya mtu asiazime kabisa.

Kila Julai rafu ipitiwe. Juzuu iliyopitwa igongwe mhuri wa HAITUMIKI kwenye jalada na ukurasa wa kwanza, kisha ihamie masijala. Isitupwe: mkataba uliosainiwa 2015 ukizua mgogoro leo, wakili atauliza sheria ilisemaje mwaka ule.