Peptidi za mwili zinachagua seli T, au zinashikilia MHC tu?

Seli T changa, yaani chembe nyeupe za kinga, zinapokomaa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, nyingi mno hufia humo humo. Hupona zile ambazo vipokezi vyake vimegusa kwa kiasi peptidi, yaani vipande vya protini za mwili wenyewe, vinavyobebwa juu ya molekuli za MHC, ambazo seli hutumia kuonyesha vipande hivyo kwa seli T. Kipokezi kisiposhika kitu, seli hufa kwa kukosa ishara. Kikishika kwa nguvu mno, seli huuawa au hugeuzwa kuwa seli T za udhibiti. Mpaka hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi ni kama peptidi yenyewe ina kauli yoyote katika kuamua nani apone.

Wapo wanaosema kauli yake ni ndogo. MHC isiyo na peptidi haidumu, kwa hiyo peptidi ni kijiti cha kuishikilia tu, na kipokezi huitazama zaidi MHC. Ushahidi wao si wa kubezwa. Mwaka 1996 maabara kadhaa zilieleza kuhusu panya ambao MHC yao ya daraja la pili ilibeba karibu peptidi ya aina moja pekee. Seli za CD4, yaani seli T zinazosoma MHC ya daraja hilo, zilipungua, lakini bado zilikuwepo kwa wingi, tena na vipokezi vya namna nyingi.

Ila matokeo yale yale yana sehemu ya pili: nyingi ya seli hizo ziliwageukia panya wa kawaida wa ukoo ule ule, kwa sababu hazikuwahi kuchujwa dhidi ya peptidi za panya hao. Mtetezi wa hoja ya kijiti atajibu kwamba hilo linahusu kuondolewa kwa seli, si kuokolewa kwake, na hapo ana haki.

Kinachonivuta upande wa pili ni jaribio la mwaka 1994. Watafiti walichukua thaimasi za vijusi vya panya ambao seli T zao zilikuwa na kipokezi cha aina moja, kinachotambua kipande cha albumini ya yai. Walipoziwekea kipande hicho halisi, seli ziliangamizwa. Walipoweka vipande vilivyobadilishwa asidi amino moja tu, vyenye mguso hafifu, seli za CD8, yaani seli T zinazosoma MHC ya daraja la kwanza, zilikomaa. MHC ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni peptidi. Kisha mwaka 2007 ikagunduliwa proteasomu (mtambo wa seli wa kukata protini) ya pekee katika gamba la thaimasi, yaani tabaka lake la nje, inayokata protini kwa namna yake. Panya wasio nayo hupungukiwa sana na seli za CD8. Kama peptidi yoyote ingetosha, mkasi wa pekee ungekuwa wa nini?

Kwa maoni yangu peptidi huchagua, ila kwa ulegevu: moja huokoa vipokezi vingi, na CD8 huonekana kuitegemea kwa karibu zaidi. Tena athari yake haiishii kwenye thaimasi. Kiasi cha protini ya CD5 juu ya seli iliyokomaa hufuata nguvu ya mguso ulioiokoa, na kwa panya, zenye CD5 nyingi mara nyingi ndizo huongezeka kwa kasi maambukizi yanapoingia.