Maji ya kumkandia mzazi

Shangazi yangu analima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kuhusu joto la bahari ana maneno machache tu: "Mwanangu, siku hizi yale maji unaweza kumkandia mzazi." Anasema taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zikiwa mdomoni, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wala hacheki.

Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupwa asubuhi, na jua la saa nne, saa tano likipanda linakuta shamba limebaki na maji ya magotini. Hapo ndipo mwani unapoungua. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikizidiwa, ncha zake hupauka zikawa kama nta ya mshumaa, kisha hukatika zenyewe na kuchukuliwa na maji. Spinosamu, aina nyingine, ni sugu zaidi, ila bei yake ndogo. Zao hili lilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na siku hizo kotonii ilistawi. Kuanzia miaka ya 2000 ikawa inakufa mashamba kwa mashamba. Wengi wa wakulima ni wanawake, na wengi wao wamebaki na ile ya bei ndogo.

Namtanguliza shangazi kwa sababu nimechoka na mwaka 2100. Kila makala ya tabianchi inatupeleka huko, mwaka ambao mimi na wewe hatutauona, na inatupa wastani wa dunia nzima. Takwimu zenyewe sizipingi. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba kufikia 2100 usawa wa bahari utakuwa umepanda sentimita 28 hadi 55 tukipunguza hewa chafu kwa nguvu zote, au sentimita 63 hadi 101 tukiendelea kuzimwaga bila breki. Sasa mwambie hivyo mvuvi wa Jambiani. Bahari yake hupanda na kushuka karibu mita 4 siku za bamvua kubwa. Nusu mita ni nini kwake?

Ni kitu kikubwa, kwa sababu bahari haimjii kwa wastani. Inamjia siku moja mbaya: bamvua la mwezi mpevu, maji yamejaa mpaka mwisho, upepo unasukuma kutoka nje. Siku hiyo sentimita chache za juu ndizo zinazoamua kama wimbi litaishia kwenye mchanga au litaingia uani. Likiingia mara mbili tatu, kisima kinaanza kuonja chumvi.

Na joto ni vivyo hivyo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema 2024 ulikuwa na wastani wa nyuzi 1.55 juu ya ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. (Hiyo haimaanishi kwamba kikomo cha nyuzi 1.5 cha Mkataba wa Paris kimeshavunjwa, kile hupimwa kwa miaka mingi.) Lakini matumbawe hayasubiri wastani. Maji yakizidi nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la mwezi wenye joto kali zaidi, yakakaa hivyo wiki kadhaa, matumbawe hupauka. Tuliliona hilo 1998, miamba mingi ya Bahari ya Hindi magharibi ilipogeuka makaburi meupe, na tukaliona tena 2016. IPCC inasema dunia ikifika nyuzi 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Ikifika 2, zaidi ya asilimia 99. Changu na pweza watajificha wapi?

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni deni la joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolizalisha limemezwa na bahari. Jaza sufuria maji hadi ukingoni uiweke jikoni: itamwagika kabla haijachemka, maana maji yakipata moto hutanuka. Ongeza barafu ya Greenland na Antaktika inayoyeyuka. Ndiyo maana hata tukizima mitambo yote kesho, bahari itaendelea kupanda kwa karne kadhaa. Tunachoweza kuamua ni kasi yake, na kasi si jambo dogo kwa mtu anayetafuta pa kuhamishia nyumba.

Niseme pia jambo litakalowaudhi wenzangu. Tabianchi imekuwa jalala la kutupia kila kosa. Ufukwe uliochimbwa mchanga wa kujengea, mikoko iliyokatwa kwa kuni na mkaa, ukuta uliojengwa mpaka kwenye maji ukaelekeza mawimbi kwa jirani: hayo tumeyafanya wenyewe. Bahari inayopanda inakuta mlango tumeshauacha wazi.

Kwa mwani, dawa inayotajwa sana ni kuhamia maji ya kina, ambako joto halipandi ovyo. Kotonii hupandwa ndani ya nyavu ndefu zenye umbo la bomba badala ya kufungwa kwa taitai. Watafiti wameijaribu Zanzibar na inakubali. Tatizo ni kwamba kule vigingi na miguu havitoshi. Unahitaji boti, nanga, maboya, na uwe unajua kuogelea. Shangazi ana miaka 58, amefanya kazi baharini tangu msichana, na maji hayajawahi kumpita kifua.

Juzi alinipigia simu kuniuliza boya moja linauzwa kiasi gani mjini.