Pesa za utafiti wa haidrojeli zifike na huku kwenye maji ya chumvi

Nisizunguke. Kama kuna mtu au serikali inataka kutoa pesa vijana wasomee masters na PhD za haidrojeli endelevu, yaani jeli zinazoshika maji mengi bila kuharibu mazingira, basi sehemu ya zile pesa ifanyiwe kazi huku Pwani, kwa maji yetu na mwani wetu, na zije kamili, si nusu nusu. Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Lamu kwa hivyo hili jambo naliona kutoka chini kabisa, naona watoto wanaoipenda sayansi wanavyotoka hapa na hamu yao na naona wanakoishia.

Kwa anayedhani hajawahi kuiona haidrojeli, hebu chukua pampasi mpya ya mtoto, ichane katikati, ikung'ute juu ya gazeti, utaona punje nyeupe kama sukari zinaanguka. Ile ni sodiamu poliakrileti, polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja ikawa wavu, na ule wavu unavuta maji ajabu. Tia kijiko kimoja kwenye glasi, mimina maji ya mvua, subiri kidogo, pindua glasi, halimwagiki hata tone. Kwenye maji yaliyosafishwa kabisa inaweza kushika hata mara 300 ya uzito wake na kuzidi. Haya, sasa nyunyiza chumvi ya jikoni juu yake ukoroge. Inalegea, inayaachia maji, punde si punde unabaki na maji na utelezi. Form three wangu wakiona hapo darasa zima linalipuka, na mimi hapo ndipo ninapowasimamisha manake hiyo chumvi ndiyo shida yetu sisi.

Lamu mjini maji yanatoka visima vya Shela, ni mvua iliyochujwa na yale matuta ya mchanga ikakaa chini kwa chini, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kupita kiasi ama mvua ikikawia, maji ya chumvi yanapanda. Kule Faza na visiwani watu wametegemea jabia, yale matangi ya kukinga maji ya mvua, miaka na miaka, mvua isiponyesha jabia ni tupu. Ng'ambo huku Hindi na Mpeketoni mkulima akisikia kuna unga kama huo wa jeli unauchanganya na mchanga wa shamba ukashika maji mizizi isikauke haraka, lazima atautaka. Lakini unga uliopimwa kwa maji safi ya maabara ukija kukutana na maji ya kisima yenye chumvi na chokaa hautafanya kazi ileile, na hili wanakemia wanalijua vizuri, kwenye maji yenye chumvi asilimia 0.9 tu ile poliakrileti inashuka mpaka mara 50 hivi ya uzito wake, na bahari yenyewe ni kama asilimia 3.5, halafu kalsiamu na magnesiamu ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinaukaza ule wavu usitanuke tena. Sasa ni nani atakaa miaka mitatu minne akitafuta jeli inayovumilia maji ya kisima cha Lamu? Mtu wa mbali kwa nini aanzie hapo, yeye maji ya bomba lake hayana shida hiyo.

Halafu kuna hili la kuwa endelevu. Poliakrileti inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na ikiingia kwenye udongo haiozi upesi, ndiyo sababu watafiti wengi siku hizi wamehamia polima za asili, aljineti inayotoka kwenye mwani wa kahawia, karajinani na agari za mwani mwekundu, kitosani ya maganda ya kamba na kaa, selulosi ya mimea. Isome hiyo orodha tena ukiwa umesimama ufuoni hapa. Mwani wa kahawia unaota kwenye miamba yetu, mwani mwekundu kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima na kuuza mkavu kwa kilo, kamba wako Ngomeni na ghuba yote ya Ungwana na maganda yake yananuka tu jalalani, makumbi ya nazi tunachoma, mabua ya pamba Mpeketoni yanabaki shambani.

Na aljineti si jambo la ajabu kuitoa jamani. Unaosha mwani, unauloweka kwenye asidi nyepesi, halafu unaupika polepole kwenye sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo hiyohiyo inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado, aljineti inayeyuka inatoka, unachuja. Ule ute ukiudondosha tone tone ndani ya maji yenye kalsiamu kloraidi kila tone linageuka shanga hapohapo, laini, unaweza kuibinya kwa vidole. Kazi ngumu iko baada ya hapo, manake ileile kalsiamu inayoishikanisha ndiyo sodiamu ya maji chumvi inakuja kuing'oa pole pole mpaka shanga inavimba na kusambaratika. Mtu wa PhD akipata njia ya kuizuia hiyo kwa gharama ya chini atakuwa amefanya jambo kubwa kwa wakulima wa visiwa duniani kote, si wa Lamu peke yao.

Ila tusidanganyane kwamba kila kitu cha asili ni kisafi. Kitosani kuitoa kwenye maganda ya kamba unatumia asidi, halafu sodiamu haidroksaidi, tena mwishoni kali sana na ya moto, na yale maji machafu yanakwenda wapi? Kuna jeli zinaitwa za kijani lakini zimefungwa kwa glutaraldihaidi ambayo ni sumu. Mimi nikiwa mtoa pesa ningemlazimisha kila mwanafunzi ahesabu maji, moto na kemikali zote tangu ufuoni mpaka kwenye chupa, na aseme ile jeli ikikaa shambani msimu mmoja imebakia nini. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti inayostahili kulipiwa.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Nna mwanafunzi wangu wa zamani, msichana wa Pate, kichwa chake kizuri sana, alipata nafasi ya masters kwenye chuo kimoja akaambiwa ana ufadhili, kumbe ufadhili ni kusamehewa ada tu. Posho hakuna, nyumba ajitafutie, kemikali ajinunulie, na mashine ya kukausha sampuli kwa baridi alipie kila anapoitumia. Sampuli za jeli usipozikausha vizuri vile vitundu vya ndani vinaporomoka na matokeo hayana maana, kwa hivyo hakuwa na njia ya kukwepa. Akawa mchana maabara usiku anafundisha tuisheni, mwisho akaacha, saa hii yuko duka la pembejeo anauza mbegu. Naandika hivi na roho inaniuma. Ule si uvivu na wala si ukosefu wa akili.

Na skolashipu za nje nazo zisomwe kwa makini. Tangazo la Uingereza likisema ufadhili kamili, angalia wamemaanisha kamili kwa nani, manake mara nyingi wanalipa ada ya kiwango cha raia wao na mgeni ajazie tofauti, na hiyo tofauti peke yake ni milioni za shilingi. Zile zinazolipa kila kitu zipo pia, DAAD ya Wajerumani na za Jumuiya ya Madola zimesomesha Waafrika wengi, na watu waombe, wasiogope.

Kuna watu hunijibu kwamba mwanasayansi wa kweli hashindwi na umaskini, wananitajia Otto Wichterle, yule Mcheki aliyeandika na mwenzake Drahoslav Lím mwaka 1960 kuhusu jeli za kuwekwa mwilini, halafu Krismasi ya 1961 akatengeneza lenzi laini za macho mezani nyumbani kwake kwa vifaa vya kuchezea watoto. Kweli alifanya hivyo. Lakini alikuwa profesa tayari, ndiye mkurugenzi wa taasisi nzima ya kemia ya polima Prague, ile jeli yenyewe ilishapatikana kwa mshahara na maabara ya umma kabla hajaipeleka nyumbani. Usimtolee mtoto wa Pate mfano huo nusu.

Na hapa kwetu sheria iko. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na ikasema uwekewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia mbili! Wabunge wa Pwani wakisimama kila mwaka kuulizia hilo moja tu mimi ntawashukuru. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mombasa, kilichobaki ni nafasi za kusoma ambazo zina posho ya kuishi, pesa ya kemikali, na pesa ya boti, ndiyo, boti, kwa sababu sampuli za Kiwayu haziji zenyewe Mombasa. Na mashirika ya nje yanayochukua mwani wetu kwenda kuupima kwao yawe na mwanafunzi wa hapa ndani ya mradi tangu siku ya kwanza, jina lake likiwa kwenye makala na kwenye hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, Kenya iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kugawana faida ya viumbe vya nchi, na vibali vya NACOSTI, tume ya sayansi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, havikuwekwa kwa urembo.

Kama unasoma hapa na una digrii ya kemia na unaandika propozo ya haidrojeli, usiandike kwamba utapima kwa maji yaliyosafishwa peke yake, andika maji ya kisima, utaje na kisima gani. Mimi nshaanza na wanafunzi kupima chumvi ya visima vya mtaani kwetu, kiangazi na baada ya masika, daftari liko shuleni, anayelihitaji aje alinakili.