Nyigu Wangu Hana Swichi

Leo asubuhi nimeletewa salamu, na hazikuwa za heri. Mjukuu wa mzee wa nyumba ya pili alisimama mlangoni, mikono nyuma, akautoa ujumbe kama alivyokaririshwa: "Babu anauliza, huyo nyigu wako hulala saa ngapi?" Kisha akageuka akaenda zake. Alitumwa kuuliza, hakutumwa kusikiliza.

Nyigu! Gari la rimoti linalokunywa mafuta, matairi manene, springi kila kona, injini ya kweli yenye pistoni na kabureta, leo linaitwa nyigu. Mtu mzima na familia yangu nadharauliwa hivi. Ila tuambizane ukweli, mlio ule ni wa nyigu kabisa. Injini yenyewe ina sentimita za ujazo 3.5, haijazi hata kijiko cha chai, na inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Kitu kidogo kikizunguka namna hiyo hakiungurumi, kinalia.

Na sindano, zile skrubu za kabureta zinazopima mafuta, ndizo zimenifikisha hapa. Mliowahi kuseti sindano hizi mnanielewa, msiowahi kaeni na amani yenu. Unashika bisibisi, unazungusha kidogo tu, kama mshale wa saa unavyotoka kwenye moja kwenda kwenye mbili, unaacha. Kulia unabana mafuta, kushoto unafungulia. Yakizidi, injini inakohoa, inatapika nyuma, inazima. Yakipungua, inakimbia kama imeitwa na mamake, moshi unakatika, joto linapanda, na kesho unatafuta pistoni nyingine. Pazuri papo hapo katikati, pana upana wa unywele. Ukipapata asubuhi na ubaridi, jua likichomoza pameshahama.

Joto lenyewe napima kwa mate. Tone likiruka mara moja, imeungua. Likikaa linakutazama, bado baridi. Likikauka taratibu ndani ya sekunde tatu nne, upo njiani. Mke wangu alinikuta nimeinama naitemea injini mate huku nahesabu. Hakusema kitu. Alimpigia simu dada yake.

Kelele nazo msidhani sikuzishughulikia. Nilichonga kopo la pili nikalifunga mwisho wa ekzosi, lenye mdomo mwembamba. Kweli mlio ukashuka, na gari likashuka nao. Ekzosi ya injini hizi za mipigo miwili haitoi moshi tu. Inarudisha mgandamizo kwenye silinda, na kuna mpira mwembamba unaotoka humo kwenda tangini kuyasukuma mafuta. Ukiubana mdomo wa nyuma, hesabu za mbele zote zimevurugika, unarudi kwenye sindano. Ukiseti upya, kelele inahamia kwenye tundu la kuvutia hewa. Kitu pekee kilichonisaidia ni kipande cha karatasi: nilikiweka kati ya meno ya gia mbili, nikazibana, nikakaza skrubu za injini, nikakichomoa. Kilitoka kimekunjamana vizuri kama upindo wa gauni, na ule msago wa meno ukaisha. Basi ikabaki kelele safi ya injini, isiyochanganywa na kitu.

Sasa jana. Kuanzia saa nane mchana navuta kamba, haiwaki. Nafungua plagi, imelowa. Naifuta, naipasha kwa betri, kiwaya kinawaka chekundu vizuri tu, narudisha, navuta. Wapi. Bega likaanza kuniuliza maswali. Saa kumi na moja na nusu, nimeshakata tamaa, nikavuta mara ya mwisho kwa hasira tu, ikawaka. Na wakati huohuo mzee akatokea kwenye ua, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, amejiandaa kusema.

"Shikamoo mzee!"

Nikaona midomo inajibu. Kisha ikaendelea.

"Eti nini mzee?"

"NIMEKUJA KWA HERI!" akapaza.

"Samahani, sijasikia!"

"NASEMA MIMI SI MTU WA UGOMVI!"

Watoto wakaanza kukusanyika. Ukiwa mbali unaona mzee mwenye fimbo anamfokea baba wa watu, na baba wa watu kapiga magoti. Nikamwonyesha kwa mkono: subiri, mzee wangu, naizima.

Naizima kwa kitu gani? Hapo ndipo aliyeibuni injini hii angekaa kiti changu. Gari lenu la petroli mnakata umeme, cheche zinaisha, limezima. Hii haina cheche. Plagi yake ina kiwaya cha platina. Ukishakiwasha kwa betri unatoa betri, na chenyewe kinaendelea kuwaka, maana methanoli iliyomo kwenye mafuta yake ikikutana na platina hivi vitu havihitaji mtu wa kuvisukuma. Kwa hiyo swichi hakuna. Unainyima mafuta au unaiziba pumzi.

Nikaminya mpira wa mafuta. Nilisahau kitu kimoja ambacho ninyi mnakijua: ukiuminya, injini kabla ya kufa inabaki na hewa nyingi na mafuta kiduchu, inapandisha resi. Jamani ililia! Mzee akarudi hatua mbili nyuma.

"MWANANGU, NAKUOMBA UPUNGUZE, UNANIONGEZEA?"

Kwa fadhaa nikauachia. Ikatulia, ikashika sailensi, ule mzunguko wa chini wa injini iliyotulia, tamu kuliko zote za wiki nzima, moshi wa bluu mwembamba, tup tup tup, hata nikasahau mgeni nikatabasamu. Alilitafsiri tabasamu lile vibaya. Nikaminya tena, ikalia tena, vidole vikateleza kwa mafuta, ikarudi palepale. Mara ya tatu nikavua fulana, nikaikunja, nikaisokomeza kwenye mdomo wa ekzosi kwa mikono miwili.

Kimya. Kimya cha ghafla, hata ndege hakuna. Na ndani ya kimya kile, sauti ya mzee, kwa nguvu zake zote, mtaa mzima ukisikia:

"...SIPENDI KELELE MIMI!"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mtoto mmoja akacheka. Mzee akaokota heshima yake, akaondoka bila kuaga, nami nimesimama kifua wazi, fulana inatoa moshi. Ndiyo maana leo kamtuma mjukuu.

Nami ningemjibu kwa adabu, ila ile sailensi tamu ya jana leo haipo. Sijagusa sindano! Naapa sijagusa! Ubaridi wa usiku mmoja tu, na limekataa kuwaka kabisa, kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba nyigu amelala, mzee, na mimi ndiye ninayehangaika kumwamsha.

Nikasema niandike barua. Kwenda kutafuta kalamu, nakuta kile kipini cha kushikia bodi ya gari. Vipini vyenyewe huja vinne, na hakuna mtu aliyewahi kuwa navyo vinne zaidi ya siku moja. Vinaruka, vinazama kwenye majani, unavitafuta kwa tochi kama mtu aliyepoteza jino. Hiki nilikitafuta mwezi mzima. Kilikuwa kimebana pazia la jikoni. Nimekichomoa. Sasa pazia liko chini, na mtu ambaye siku zote huniita baba watoto, nasikia ananiita kwa jina langu kamili.