Nimeshushwa Cheo Nyumbani Kwangu

Kompyuta hii nimeinunua mimi. Risiti ninayo. Lakini jana usiku nimetaka kuweka kiprogramu cha kukatia video, ikaniuliza nenosiri la msimamizi, na msimamizi alikuwa kitandani toka saa tatu. Msimamizi ni mke wangu.

Mimi ni "mtumiaji wa kawaida". Imeandikwa hivyo hivyo, chini ya picha yangu.

Chanzo ni kijana wetu na michezo yake ya bure. Alipakua faili, jina linaishia na jpg kama picha, kumbe Windows huficha herufi za mwisho, na nyuma ya hiyo jpg kulikuwa na exe, yaani programu, imejikunyata. Akabofya. Wakati huo nyumba nzima tunatumia akaunti moja, ya msimamizi, na kirusi hakiombi cheo, kinarithi cha aliyekifungulia mlango. Kikapenya mpaka kwenye mafolda ya mfumo, kikazima antivairasi, kikakaa kitako. Kila nikifungua barua pepe natokewa na tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Upara wangu nani kakiambia?

Fundi akafuta kila kitu, akatengeneza akaunti moja ya msimamizi, nyingine zote za kawaida. "Nenosiri abaki nalo nani?" Nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa. Kijana akakumbushia kile kiambatisho cha "Umeshinda" nilichofungua mara mbili. Basi, uchaguzi ukaishia hapo.

Zamani lile dirisha la "una uhakika?", lililokuja na Windows Vista mwaka 2007, nilikuwa nalipiga Ndiyo kama mtu anayefukuza nzi. Sasa Ndiyo peke yake haitoshi, linataka nenosiri. Na kinachoniuma zaidi, cheo nimepoteza na bado virusi vya kudai fidia vinaweza kufunga picha zangu, maana ni zangu, akaunti yangu inaruhusiwa kuzigusa. Kwa hiyo kila Jumapili nanakili kwenye diski ya nje, halafu naichomoa. Kazi juu ya kazi.

Basi jana nikaenda kumwamsha msimamizi.

"Mama watoto, nenosiri."

"La nini?"

"Programu ya video."

"Umeitoa wapi?"

Nikarudi kuangalia jina la tovuti. Nikalisoma mara mbili. Nikazima kompyuta, nikalala.