Ukienda Matera, usiishie mapangoni

Wengi wenu mmeshaiona Matera bila kujua. Ile filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004 kuhusu mateso ya Yesu, ambayo familia nyingi kwetu huiweka kwenye runinga siku ya Ijumaa Kuu, haikurekodiwa Yerusalemu. Zile njia za mawe, zile kuta zilizopauka, kile kilima cha Golgota, vyote viko kusini mwa Italia, mkoa wa Basilicata. Miaka 40 kabla yake, mwaka 1964, Pasolini, mtengenezaji filamu wa Kiitalia, naye alikuja hapo hapo kutengeneza filamu yake ya Injili ya Mathayo. Ukisimama ng'ambo ya korongo la Gravina na kuutazama mji, utaelewa kwa nini walikuja. Mji mzima umechimbwa kwenye mwamba, nyumba juu ya nyumba, paa la huyu ni njia ya yule, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali jabali linapoishia na ukuta uliojengwa unapoanzia.

Watu wameishi kwenye mapango ya eneo hili tangu Zama za Mawe. Sehemu ya kale ina mitaa miwili, Sasso Barisano na Sasso Caveoso, na katikati yake kimeinuka kilima cha Civita chenye kanisa kuu la karne ya 13. Ramani ya simu haikusaidii sana humo. Njia zinapanda, zinageuka, zinapita chini ya matao, zinaishia uani kwa mtu. Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote kumlipa mwongoza watalii na kuuzunguka mji kwa miguu. Ninachokilalamikia ni kwamba ziara nyingi huishia pale ambapo habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Ziara ya kawaida iko hivi. Mnakutana Piazza Vittorio Veneto, mnautazama mji kutoka kwenye roshani, mnateremka Barisano, mnapanda hadi kanisa kuu, mnateremka tena upande wa Caveoso, mnapita kanisa la Santa Maria de Idris lililochongwa ndani ya jabali, mnaingia nyumba moja ya pango iliyogeuzwa makumbusho, mnapiga picha, mnaagana. Ni saa mbili hivi. Katika saa hizo utasikia kwamba watu waliishi pamoja na wanyama, kwamba serikali iliwahamisha, kwamba mji ukabaki magofu, kwamba mwaka 1993 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na kwamba mwaka 2019 ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. Watu wanapiga makofi. Maelezo hayo hayana uongo, ila wenyeji wanatoweka humo katikati, na hakuna anayeuliza walikwenda wapi.

Mwongozaji mzuri huanza na maji. Chini ya uwanja huo huo wa Vittorio Veneto kuna birika kubwa liitwalo Palombaro Lungo, lililochimbwa kwenye mwamba na kupakwa lipu isiyopitisha maji, lenye uwezo wa kuchukua lita milioni 5 hivi. Maji ya bomba yalipofika lilisahauliwa, hadi mwaka 1991 lilipogunduliwa upya wakati uwanja ukikarabatiwa. Unateremka ngazi, unapita juu ya daraja la chuma, na kuta zinapaa juu ya kichwa chako kama za kanisa. Nyumba nazo zilikuwa na mabirika madogo ya umbo la kengele yaliyopokea mvua kutoka paani kwa vijifereji. Mtu aliyeyaona hayo hawezi tena kusema kwamba hawa walikuwa watu wa kujificha mashimoni. Matera ulikuwa mji wa mafundi, na kuanzia 1663 hadi 1806 ndio uliokuwa makao makuu ya Basilicata.

Kilichouangusha ni msongamano. Watu walipozidi, maghala, mazizi, mabirika, hata makanisa ya mapangoni, yote yakageuzwa vyumba vya kuishi. Pango lililochimbwa ili litunze maji likawa linalaza watoto. Kisha miaka ya 1930 serikali ya Mussolini ikaifunika mifereji mikubwa iliyokuwa ikipeleka maji bondeni na kupitisha barabara juu yake, ndizo hizi Via Fiorentini na Via Buozzi zenye maduka ya zawadi leo. Mwongozaji akiliruka jambo hili, wageni huondoka wakidhani umaskini ule ulikuwa tabia ya watu wenyewe.

Mwaka 1935 Carlo Levi, daktari na mchoraji wa Torino, alipelekwa uhamishoni Basilicata kwa kosa la kumpinga Mussolini. Dada yake Luisa, naye daktari, alipita Matera akienda kumtembelea. Aliyoyakuta yamo kwenye kitabu ambacho Levi alikitoa mwaka 1945: watoto wenye vikope wamekaa milangoni juani, nzi wametua machoni mwao, wengine wamekonda kwa malaria, na kundi la watoto likimfuata nyuma kuomba kwinini. Pesa hawakuomba. Kitabu kile kiliwatia Waitalia aibu. Waziri Mkuu Alcide De Gasperi alikwenda kujionea mwaka 1950, sheria ikapita Mei 1952, na watu wapatao 15,000 wakaanza kuhamishwa awamu kwa awamu. Mapango mengi yalizibwa milango kwa mawe na matofali ili wenyewe wasirudi.

Ingia nyumba ya makumbusho ya Vico Solitario, halafu usiharakishe kutoka. Ilikaliwa hadi mwaka 1956. Chumba ni kimoja. Kitanda kiko juu sana, godoro lake limejazwa maganda makavu ya mahindi, na chini ya uvungu kuku walilala na kutaga. Kule ndani kabisa, bila dirisha, alifungwa baghala, kwa kuwa bila yeye mkulima hafiki shambani, na joto la mwili wake lilisaidia wakati wa baridi. Kabati la droo lilitunza nguo, na droo yake ikivutwa nje ikawa kitanda cha mtoto mchanga. Mezani kuna sahani moja kubwa ya familia nzima. Wageni wengi wanacheka wanapofika kwa kuku. Ningependa waongozaji wawanyamazishe, kisha wawaulize: wewe ungemlaza mtoto wako wapi?

Mwongozaji aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa makamo ambaye mama yake mzazi alizaliwa Caveoso. Alitusimamisha kwenye ua mmoja ambao milango ya mapango kadhaa inauelekea, akasema hapa ndipo watu walipoishi kweli, pangoni waliingia kulala. Kisima kilikuwa cha wote. Kina mama walifulia pale, wakalea watoto pamoja, mgonjwa akauguzwa na ua mzima. Alitoa mkobani mhuri wa mbao, umechongwa herufi za jina la familia. Unga ulikandwa nyumbani, mkate ukapelekwa tanuri la mtaa, na mhuri huo ndio uliozuia mkate wa mtu kwenda kwa mwingine. Alituachia tuushike mmoja mmoja. Ulikuwa umelainika mpini kwa kushikwa.

Halafu akatueleza kwamba mama yake alipopewa nyumba mpya alifurahia bomba, choo na madirisha, na hakutamani hata siku moja kurudi pangoni. Ila alilia kwa ajili ya ua. Jirani zake aliotoka nao mji wa chini walipangiwa mitaa mingine, na alizeeka akiulizia habari zao. Msomaji wa Tanzania aliyekaa na wazee wakamsimulia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 hahitaji kufafanuliwa hapo. Zahanati na shule ni neema, na kung'olewa mahali ulipozikia wazazi ni msiba, na mtu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili maisha yake yote.

Sasa basi, hizo nyumba mpya zipo. La Martella ni kijiji kilichosanifiwa na Ludovico Quaroni na wenzake, na familia za kwanza ziliingia mwaka 1953. Wasanifu walijitahidi: waliunganisha zizi na nyumba kwa sababu walijua mkulima hatamwacha mnyama wake, na wakapanga nyumba zitazamane ili ujirani usife. Serra Venerdì na Spine Bianche ni mitaa mingine iliyojengwa kwa kazi hiyo hiyo. La Martella iko mbali kidogo na mji, utahitaji usafiri, lakini Spine Bianche unafika kwa miguu kutoka uwanjani bila taabu. Huko utakuta majengo ya matofali, nguo zimeanikwa roshanini, wazee kwenye mabenchi. Hakuna foleni ya tiketi. Aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1952 sasa amepita 80. Hao ndio wa mwisho wanaokumbuka harufu ya pango lenye watu, na wakiondoka tutabaki na vibao vya maelezo.

Nimewaambia hivyo baadhi ya waongozaji, wakanijibu kwamba wageni wanataka mapango, wengi wanashuka kwenye mabasi asubuhi na kuondoka jioni. Najua wanatafuta riziki. Lakini mgeni hupenda kile alichoandaliwa kukipenda, na aliyeushika ule mhuri wa mkate atakubali kutembea dakika chache zaidi akaone wenye mihuri walihamia wapi. Hoja nzito kuliko hiyo ni kwamba watu wa mitaa ile si maonyesho. Hapo nakubali kabisa. Usipige picha roshani za watu, usiingie uani bila kukaribishwa. Mzee akipenda kusimulia, akae na kundi kwa hiari yake na alipwe kama anavyolipwa mwongozaji, maana anachokitoa hakipatikani penginepo.

Kuna pia wanaouza ziara ya bajaji, zile za Piaggio zenye viti nyuma. Kwa mzee, mjamzito au mwenye goti bovu ni msaada mkubwa, na asiwepo wa kumcheka. Kama miguu yako ni mizima, tembea. Bajaji haiingii kwenye ngazi, na nyua zote nzuri ziko kwenye ngazi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa kuwa jiwe limesuguliwa na nyayo hadi linang'aa na mvua kidogo tu inatosha kukuangusha. Kiangazi anza mapema asubuhi, mchana mwamba unatema joto.

Sehemu kubwa ya mapango ilibaki mali ya serikali, na sheria ya 1986 ndiyo iliyofungua mlango wa kuyakarabati na kuyakodisha kwa muda mrefu. Mengi sasa ni hoteli na mikahawa. Sina kinyongo na mtu anayelala pangoni kwenye shuka nyeupe. Ninachotaka ajue ni nani alilala pale kabla yake.

Kutoka Bari kuna treni ndogo inayokufikisha Matera. Ukishafika, kabla hujamlipa mwongozaji yeyote, muulize mambo mawili: familia yako ilikuwa wapi mwaka 1952, na je, tutafika Spine Bianche? Asiye mwenyeji anaweza naye kuwa mzuri, mradi awe amewasikiliza wenyeji. Akikujibu kwamba kule hakuna cha kuona, mshukuru na utafute mwingine.